Shukrani, Sifa na Kuabudu: Mwongozo kwa Anayeongoza Ibada Kanisani na Nyumbani

Zaburi ya 100 inataja malango kwanza, kisha nyua: malangoni watu wanaingia kwa kushukuru, nyuani kwa kusifu. Zaburi ya 95 inakwenda mbele zaidi. Mistari ya 1 na 2 ni shangwe na shukrani, mstari wa 3 hadi wa 5 unatangaza ukuu wa Mungu, wa 6 unawapigisha watu magoti, na kuanzia wa 7 wanaambiwa waisikie sauti yake, wasiifanye migumu mioyo yao. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: shukrani, sifa, kuabudu, kusikiliza. Umeandikwa kwa ajili ya makanisa ya kawaida ya Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Kisii, yale ya mabati, kinanda kimoja, ngoma, na waumini kati ya 40 na 200. Familia inayotaka kumshukuru Mungu nyumbani nayo itapata sehemu yake.

Kabla ya hatua yoyote, kiongozi ajue wimbo wake una kazi gani na hauna kazi gani. Ua wa hema ya kukutania ulikuwa na urefu wa dhiraa 100 na upana wa dhiraa 50, na lango moja tu la dhiraa 20 upande wa mashariki. Aliyepita lango hilo hakukutana na waimbaji. Alikutana na madhabahu ya shaba, mahali pa damu, kisha birika la kunawia. Ndani ya hema kulikuwa na kinara cha taa saba, meza ya mikate 12 na madhabahu ya uvumba mbele ya pazia. Nyuma ya pazia aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Yesu alipokufa pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini (Mathayo 27:51), na Waebrania 10:19-22 inasema tunapaingia patakatifu kwa damu yake. Kwa hiyo njia iko wazi kabla mpiga kinanda hajagusa noti ya kwanza. Kiongozi anayelielewa hili hawagombezi watu akisema hawajachangamka vya kutosha ili Mungu ashuke. Anawakaribisha mahali ambapo Kristo amekwisha kuwafungulia.

Maandalizi ya wiki

Jumatatu au Jumanne, muulize mhubiri andiko lake. Usisubiri Jumamosi jioni. Ukishajua andiko, chagua nyimbo sita: moja au mbili za shukrani, mbili au tatu za sifa, mbili za kuabudu. Katika hizo sita, mpya iwe moja tu, nayo irudiwe Jumapili tatu mfululizo kabla hujaleta nyingine. Watu wasioujua wimbo hawaimbi, wanatazama, na ukiwapa nyimbo tatu mpya kwa siku moja umewageuza kuwa watazamaji bila kukusudia.

Ibada ya sifa ya dakika 35 inagawanyika vizuri hivi: shukrani dakika 8, sifa 12, kuabudu 10, kimya na kukabidhi 5. Andika muda huo pembeni ya kila wimbo kwenye karatasi, pamoja na kii (kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa), na umpe kila mpiga chombo nakala yake. Makosa mengi ya Jumapili asubuhi hutokana na mpiga gitaa kutojua wimbo unaofuata, kiongozi akalazimika kugeuka nyuma na kumnong'oneza huku watu wamesimama wakingoja.

Kii ndiyo inayoharibu ibada nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kiongozi mwenye sauti ya juu anachagua kii inayomfaa yeye, na kufikia kiitikio wanaume wote wamenyamaza. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, kisha panga kii ili noti hiyo isipite D kwa sauti ya kawaida ya mkutano. Noti ya chini kabisa isishuke chini ya A. Ibada ya saa mbili asubuhi ishushe nusu noti au noti nzima, hasa Nakuru mwezi wa Julai ambapo baridi ya asubuhi huwa imezishika koo. Kwaya zinazosoma solfa (do, re, mi) zitalielewa hili haraka: do ikihamishwa, wimbo wote unahama nayo, hakuna kinachopotea.

Mazoezi yawe mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, na dakika 20 za kwanza ziwe za maombi na kusoma andiko la Jumapili pamoja. 1 Nyakati 25:7 inawahesabu waimbaji 288 waliofundishwa na wenye ustadi, wote wakimwimbia Bwana, na mistari inayofuata inawagawa kwa kura katika zamu 24 za watu 12. Kujiandaa hakupingani na Roho. Nayo zamu inafaa kuigwa hata na kanisa dogo, maana timu ileile ikiimba kila Jumapili mwaka mzima inachoka, na uchovu huo huanza kusikika katika sauti zao mapema kuliko wao wenyewe wanavyoutambua.

Shukrani

Hapa ndipo makanisa mengi yanapapita mbio, na hapa ndipo pa kukawia. Kiongozi anapanda, anasema Bwana asifiwe mara tatu, kisha ngoma zinalipuka. Watu wametoka nyumbani wakiwaza deni la duka, mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo, ng'ombe anayeumwa. Mwili unaanza kucheza, moyo ungali nyumbani.

Shukrani inataja vitu kwa majina yake. "Tunakushukuru kwa yote" ni sala fupi isiyomgusa anayeiomba. Kipimo ni vitu vitatu: jambo gani, lini, na nani alitumiwa na Mungu kulifanya. Mtoto alitoka wodini Jumatano, na jirani ndiye aliyetupeleka kwa gari lake usiku. Mvua ilinyesha Alhamisi, mahindi yalikuwa yameanza kukunja majani. Dada alisafiri kutoka Nairobi, akapita Salgaa, mahali pa ajali nyingi barabarani, salama.

Fanya hivi. Wakiwa wangali wameketi, soma mistari mitatu au minne ya Zaburi, kisha uwape dakika mbili kila mmoja amwambie aliye karibu naye jambo moja alilotendewa tangu Jumapili iliyopita. Hata mwenye haya anaweza kumweleza mtu mmoja. Baada ya hapo leta shuhuda mbili, au tatu kama ni fupi, zilizopangwa mapema, dakika mbili kila moja, halafu wimbo wa shukrani wa mwendo wa mapigo 90 hadi 100 kwa dakika, ambao mtu anaweza kuuimba huku akipiga makofi bila kupoteza pumzi.

Maikrofoni ibaki mkononi mwa kiongozi. Anayeshuhudia azungumze, wewe uishike. Ukimkabidhi, dakika mbili zitakuwa kumi na mbili, na ushuhuda utageuka kuwa mahubiri, au malalamiko juu ya mkwe. Msikilize mtu kabla ya ibada ili asije akafichua ugonjwa wa mwingine au siri ya ndoa ya mtu aliyeketi palepale.

Kuna maneno yaliyozoeleka ambayo inafaa yaachwe. "Wengine wako mochari, wengine wako hospitali, lakini sisi tuko hapa." Kwenye benchi la nne ameketi mama aliyezika mwanawe mwezi uliopita. Yeye anasikia kwamba Mungu aliwapenda wenzake zaidi. Tena shukrani inayojengwa juu ya masaibu ya mwingine inafanana mno na sala ya Farisayo katika Luka 18:11, aliyemshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine. Mshukuru Mungu kwa alichokupa, na yule asiyekipata mwombee.

Kando ya Ziwa Victoria, Dunga na Usoma na fuo nyingine ambako waumini ni wavuvi na wauza samaki, Zaburi ya 107 inafaa sana. Inataja makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa, waliougua, na wale washukao baharini katika merikebu. Kila kundi lilimlilia Bwana, likaokolewa, na kila kundi linaambiwa limshukuru, katika mistari ya 8, 15, 21 na 31. Gawa mkutano mara nne, kila sehemu isome kundi lake, na wote waungane kwenye mistari hiyo ya kiitikio. Inachukua dakika kama saba, na haihitaji stima wala vyombo.

Sifa

Shukrani inasema Mungu amenitendea nini. Sifa inapanua macho na kutangaza yeye ni nani na ametenda nini kwa wote: aliumba, alikomboa, anatawala. Hapa mwili unaruhusiwa kusema. Mapigo 110 hadi 130 kwa dakika yanatosha. Ukipita 135 wazee wanaketi na watoto wanaanza kukimbizana.

Zaburi ya 150 inaita baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi. Watu wa magharibi mwa Kenya hawana haja ya kuazima vyombo vya mbali. Isukuti za Waisukha na Waidakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinabeba sifa za mkutano mzima bila spika. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi 8 na inaongoza wimbo wa kupokezana vizuri sana, mradi iwekewe maikrofoni yake, la sivyo ngoma zitaimeza. Kayamba haigharimu kitu kikubwa. Ngoma za ngozi hulegea zikilala kwenye chumba chenye unyevu. Ziwekwe juani au karibu na moto wa wastani nusu saa kabla ya ibada, ukizipiga kidogokidogo kusikiliza, na zisikaribie moto kiasi cha kupasuka. Ikitokea mpiga ngoma amechelewa na ngozi ni legevu, usimruhusu azidishe nguvu ili isikike. Itatoa kishindo tupu, na waimbaji watapoteza mapigo.

Pambio ni fupi, nalo hurudiwa. Swali ni jinsi ya kurudia. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na kiitikio kilekile cha fadhili zake za milele, lakini hakuna anayeuchoka, kwa sababu kila mstari unaleta sababu mpya: aliyezifanya mbingu, aliyewatoa watu Misri, aliyewapitisha katikati ya bahari, ampaye kila mwenye mwili chakula. Fanya vivyo hivyo. Mwimbishaji atangulize sababu, watu waitikie. Andaa sababu sita au saba kwenye karatasi yako, nusu kutoka Maandiko na nusu kutoka shuhuda zilizosikika muda mfupi uliopita. Ukiona umeanza kurudia bila sababu mpya, pambio limeisha. Ingia linalofuata katika kii ileile bila kusimamisha mapigo.

Sebene, yaani sehemu ya gitaa na kucheza, ina mahali pake, na watu wetu wanaipenda. Iwe dakika mbili. Kipimo ni rahisi: angalia mdomo wa mtu wa benchi la mwisho. Akiacha kuimba akabaki kumtazama mpiga gitaa, sifa zimehama kutoka kwa Mungu kwenda jukwaani, na hapo urudishe maneno mara moja.

Mahali kama Nakuru, ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya na Mkisii wanaketi benchi moja, imba pambio katika lugha zaidi ya moja, na umwombe mtu wa kabila jingine auanzishe. Mjaluo akiongoza "kongoi" (asante kwa Kikalenjin), Mkalenjin akaitikia na "erokamano" (asante kwa Kijaluo), jambo zito linatendeka katika mji ambao mwanzoni mwa 2008 majirani walifukuzana. Lakini wimbo usitumiwe kufunika jambo ambalo halijasemwa. Mathayo 5:23-24 inamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Kama waimbaji wawili wa timu hawasalimiani, wapumzishwe wote wawili hadi wamalizane, hata kama ndio wenye sauti bora.

Kuabudu

Kutoka mapigo 125 hadi 65 kwa mpigo mmoja ni kuwaangusha watu. Punguza kwa ngazi. Ngoma zinyamaze kwanza, kiitikio cha mwisho kiimbwe kwa makofi tu, kisha kwa kinanda pekee kikipungua mwendo, kisha usome andiko moja fupi bila maelezo: Isaya 6:3 au Ufunuo 4:11. Baada ya hapo anza wimbo unaomwambia Mungu "Wewe". Nyimbo za kuzungumza juu yake zimekwisha kufanya kazi. Mbili zinatosha, na zote ziwe zinajulikana kwa moyo, maana anayesoma ukutani hawezi kufumba macho.

Kuinama au kupiga magoti kunatoka katika Zaburi 95:6, lakini sakafu ya saruji haimhurumii mama wa miaka 70. Tandika mikeka mbele kwa wanaotaka kusujudu, na useme mara moja tu, kwa upole, kwamba anayeweza apige magoti na asiyeweza aketi akiinamisha kichwa. Usirudie. Usiwaambie watu wainue mikono mara ya pili na ya tatu. Mikono inayoinuliwa kwa amri hushuka upesi.

Kuabudu ni kujitoa. Warumi 12:1 inazungumzia miili iliyotolewa iwe dhabihu iliyo hai, na katika Amosi 5:21-24 Mungu anasema hataki kelele za nyimbo za watu wale, anataka hukumu itelemke kama maji na haki kama mto wenye nguvu. Kwa hiyo, kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, weka dakika mbili za toba, na uzitaje dhambi zinazotendeka katika mtaa huo huo. Gorogoro iliyobonyezwa chini ili kila kipimo cha mahindi kipungue. Mshahara wa msaidizi wa nyumbani ulioshikiliwa tangu mwezi wa pili, wakati Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Mpaka wa shamba uliosogezwa hatua moja usiku. Mkutano unaosikia hivyo unanyamaza kwa namna nyingine kabisa na ule ulioambiwa "tutubu dhambi zetu".

Machozi si kipimo. Wapo wanaolia kila Jumapili na hawabadiliki, na wapo wakavu wa macho ambao Jumatatu wanarudisha deni. Kiongozi asiyatafute machozi kwa kumwambia mpiga kinanda abadilishe sauti za kinanda kila dakika au kwa kuongea kwa kutetemesha sauti. Sema maneno machache. Yohana 4:23-24 inawataka waabuduo halisi wamwabudu Baba katika roho na kweli, na kweli inajumuisha kutoigiza.

Kunyamaza na kukabidhi

Wimbo wa mwisho ukiisha, acheni vyote, hata kinanda. Dakika mbili. Mara ya kwanza zitaonekana ndefu sana, mtu atakohoa, mwingine ataanza pambio kwa kudhani kiongozi amesahau. Watangazie mapema: "Tutanyamaza dakika mbili, tukiisikiliza sauti ya Bwana." Kaunti ya Vihiga peke yake inaonyesha kwamba kelele na kimya vyote vina nyumba katika imani ya eneo hili. Kaimosi kulifunguliwa misheni ya Marafiki (Quakers) mwaka 1902, kanisa ambalo mizizi yake katika Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa kumngoja Mungu kwa utulivu. Na katika eneo hilohilo lilianzishwa African Israel Church Nineveh mwaka 1942, linalojulikana kwa ngoma zake na maandamano ya nguo nyeupe barabarani. Mkutano mmoja unaweza kujifunza kutoka kwa wote wawili.

Baada ya kimya, kiongozi aombe sentensi tatu na kumkabidhi mhubiri. Asianze kufafanua alichohisi, wala kuhubiri mahubiri madogo. Waimbaji washuke wote wakaketi na watu kusikiliza Neno. Timu inayotoka nje kunywa soda wakati wa mahubiri imekwisha kuwaambia watu kwamba kusikiliza hakuna maana.

Mabati, mvua na spika

Spika ziwekwe mbele ya waimbaji, zikielekea kwa watu, juu ya stendi kiasi cha kupita vichwa vya waliosimama. Zikiwa nyuma ya maikrofoni, sauti inarudi ndani ya maikrofoni na spika inapiga mluzi. Mluzi ukianza, usizibe kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, unazidisha. Punguza sauti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), au ondoka mbele ya spika. Maikrofoni ikae upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni.

Kiasi cha sauti kipimwe na mtu aliyesimama benchi la mwisho wakati watu wanaimba. Kama hasikii sauti ya jirani yake, spika zipunguzwe, kwa sababu mtu asiyesikia wengine wakiimba huacha kuimba. Kuta tupu na mabati hurudisha sauti. Ngoma zikiwekwa konani kishindo chake kinaongezeka, basi zivutwe mita moja na nusu kutoka ukutani, na pazia zito au mikeka itundikwe nyuma yake.

Mvua kubwa ikiangukia mabati, kama inavyofanya Kakamega karibu kila alasiri msimu ukikolea, hakuna spika itakayoishinda. Usipige kelele. Kama mko kwenye sifa, endeleeni na ngoma na pambio linalojulikana na kila mtu. Kama mlikuwa mnaingia kuabudu, acha uongozaji wa maneno, inua mkono kama ishara mliyokubaliana, na kila mtu aombe kwa sauti yake mwenyewe. Watu wenye haya, ambao hawajawahi kuomba kwa sauti mbele ya wengine, mara nyingi huanza siku kama hiyo, kwa sababu mvua inawafunika. Stima ikipotea, utaratibu ni huohuo. Timu ifanye zoezi moja kila mwezi bila umeme ili isishtuke.

Siku isiyo ya shangwe

Jumapili baada ya msiba, au katika nyumba yenye matanga, usiwalazimishe watu wacheze. Biblia ina zaburi nyingi za maombolezo. Ya 13 inaanza na "hata lini", na inaishia kwa kuimba, mistari sita tu. Ya 88 inaishia gizani, wala haikuondolewa katika kitabu. Isome yote, polepole, kisha wimbo mmoja wa taratibu, kisha maombi kwa wafiwa wakitajwa kwa majina. Shukrani ya nyumba ya msiba ianze na mambo madogo ambayo wafiwa wenyewe wanayataja: waliokuja kulala nao, waliochota maji, waliochimba kaburi. Mgeni asiwaambie washukuru kwa kifo chenyewe. 1 Wathesalonike 5:18 inasema shukuruni kwa kila jambo, nayo mstari wa 14 wa sura hiyohiyo umewaagiza wawatie moyo walio dhaifu na kuvumilia na watu wote.

Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, miguu ikiwa katika mkatale (Matendo 16:24-25), naye Yehoshafati aliwatanguliza waimbaji mbele ya jeshi. Hadithi hizo hutumiwa kuwaahidi watu kwamba wakiimba, tatizo litaondoka. Zisome kikamilifu. Katika 2 Nyakati 20 Yehoshafati aliogopa kwanza (mstari wa 3), akatangaza kufunga, akakiri mbele ya watu wote kwamba hawajui watende nini (mstari wa 12), akasujudu, na ndipo waimbaji wakatoka. Hofu ilisemwa wazi. Mpe mtu nafasi ya kuisema yake.

Ibada ya shukrani nyumbani

Mtoto amefaulu mtihani, mgonjwa ametoka hospitali, nyumba imekamilika: familia inaita watu. Panga saa moja na nusu, isizidi saa mbili. Maombi ya kufungua dakika 5, pambio mbili, mwenye shukrani aeleze mwenyewe, dakika 10, andiko na neno fupi, dakika 20, sifa, dakika 15, sadaka ya shukrani, wimbo wa kuabudu na maombi kwa familia, dakika 10, chakula. Kwa watu 50, lita 15 za chai zinatosha: maziwa lita 7, maji lita 9 kwa kuwa mengine yatakauka jikoni, sukari kilo moja na nusu, majani gramu 150, na mandazi mawili kwa kila mtu.

Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni mwanasiasa anayefika akiwa amechelewa na kuomba "kusalimia watu". Familia ikubaliane kabla na mwenye kuongoza kwamba wageni wote watatambuliwa kwa majina na kuombewa, na kwamba maikrofoni haitatolewa. Isemwe mwanzoni, mbele ya wote, ili asionekane amelengwa. La pili ni kujisifu. Baba anaeleza jinsi alivyojenga, bei ya kila lori la mchanga, na Mungu anatajwa mwishoni. Msaidie kwa kumuuliza maswali badala ya kumwachia hotuba: Ni wapi ulipokwama? Nani alikusaidia? Ulimwomba Mungu nini siku hiyo? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo ushuhuda wenyewe. Kati ya wakoma kumi wa Luka 17, yule mmoja aliyerudi alimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, akamshukuru. Hakueleza alivyotembea.

Sadaka ya shukrani ipokelewe kwa bahasha au kikapu bila kutangaza kiasi, maana kiasi kikitajwa jirani maskini hatakuja mara nyingine. Na chakula kigawiwe hadi kwa waliobaki nyumbani. Walawi 7:15 iliagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku iyo hiyo, isisazwe hata asubuhi. Mnyama mzima kwa siku moja haumalizwi na familia moja, kwa hiyo aliyeshukuru alihitaji watu wa kula naye. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo tangu asubuhi, awe na orodha ya wagonjwa, wajane na wazee wa mtaa huo, na vyombo vyao vitoke kabla ya sahani za wageni kupakuliwa.